Kaburi la Mnara Lilipopakwa Chokaa

Chokaa mbichi inapotiwa maji hutoa harufu ambayo haifanani na nyingine yoyote ninayoijua. Huanza kwa mvuke mkali unaochoma pua, kisha hufuata harufu ya jiwe lililopata joto, na ukisubiri kidogo unanusa bahari ndani yake, kwa sababu chokaa yetu ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa magogo ya mikoko. Baba yangu, Hamisi, alikuwa fundi mwashi, na chokaa hiyo aliizima mwenyewe uani kwetu Temeke, ndani ya pipa lililokatwa katikati. Watoto tulikatazwa kulisogelea pipa lile, nasi tulilisogelea. Kila mwaka mwezi wa Shaabani ulipoandama na pipa likaanza kutokota, nilijua kwamba safari ya Magofuni imewadia.

Magofuni ndivyo tulivyopaita sisi. Ni mahali palipo pwani, kusini ya Temeke, ambapo zamani palikuwa na mji wa mawe. Msikiti wake umebaki kuta tu, hauna paa, na ndani ya kibla nyuki walikuwa wamejenga mzinga. Kando yake pana kisima chenye maji matamu ajabu kwa mahali palipo karibu vile na bahari, halafu makaburi ya kale yaliyozungushiwa kuta fupi. Moja kati ya hayo lina mnara mrefu wa mawe ya matumbawe, umechongwa maua na mafundo, na juu yake wazee waliotangulia walipachika vibakuli vya kaure vilivyoletwa kutoka nchi za mbali. Vingi vimekwisha kubanduliwa, vimeacha matundu ya duara. Waliosoma wanasema mji ule una umri wa karne nyingi. Mimi sikusoma, kwa hiyo siwezi kulithibitisha hilo wala kulipinga. Ninachoweza kukisema ni kwamba sisi hatukwenda kule kutazama kitu cha kale. Tulikwenda kuwatembelea watu wetu. Nje kidogo ya ukuta wa msikiti yalikuwapo makaburi madogo ya ukoo wetu, la mwisho likiwa la babu yangu, baba yake baba, na bibi yangu alitufundisha kwamba mtu wa kaburi la mnara ndiye aliyeuanzisha ukoo huo.

Tulikwenda alfajiri kwa lori la mchanga la jirani, tukirudi magharibi. Wanawake walikaa juu ya mikeka pamoja na masufuria ya wali wa nazi yaliyofungwa kwa kanga, wanaume wakasimama nyuma wameshika mapanga na ndoo za chokaa. Tukifika, kila mtu alikuwa na kazi yake. Wanaume walifyeka, wanawake walifagia kaburi kwa kaburi, watoto tuliteka maji. Makaburi yetu madogo yakapakwa chokaa kwa brashi za makumbi mpaka yakatuumiza macho juani. Lile la mnara na mengine makubwa tuliyafagia tu, tukayafukiza ubani na kuyanyunyizia marashi, kwa kuwa kuyapaka kulihitaji chokaa nyingi na fundi anayejiamini. Halafu kikasomwa kisomo, tukala, watoto tukakimbizana ndani ya msikiti usio na paa mpaka tukakemewa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sikukuu yangu kubwa, na nilidhani kila mtoto duniani ana mji wake wa mawe.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa katika umri wa kuota meno ya pili. Ulikuwa mwaka ambao ningeandikishwa shule. Lakini bibi yangu, Mwanahawa, alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, na ikaamuliwa kwamba niwe karibu naye kumpa maji na kumpepea, maana mama alikuwa na mtoto mchanga na shangazi yangu Zuhura alikuwa na biashara yake ya vitumbua. Wenzangu walikwenda kuandikishwa mimi nikiwa nimeshika kata ya maji. Niliambiwa ningekwenda mwaka unaofuata. Mwaka unaofuata ulipofika palikuwa na sababu nyingine, na baada ya hapo hakuna aliyeona haja ya kutoa sababu.

Bibi alikuwa mwanamke mwenye ulimi. Hata ugonjwa haukuupunguza. Alisema ameshakaa sana mbali na mumewe, na kwamba alikuwa na wasiwasi. Shangazi akamwuliza ni wasiwasi gani.

"Nimemwacha peke yake miaka yote hii," Bibi alijibu. "Atakuwa ameshazoea kulala katikati. Nitaanza na ugomvi siku ya kwanza."

Shangazi akacheka mpaka akaacha vitumbua vikaungua. Lakini haikuwa mzaha mtupu. Babu, kabla hajafa, aliacha nafasi ya mtu mmoja kati ya kaburi lake na ukuta wa msikiti, akalaza jiwe refu mahali pale ili asizikwe mwingine. Bibi alikwenda kuliangalia jiwe hilo kila mwaka, kama mtu anavyokwenda kukagua kiwanja chake. Katika maisha yake hakuwahi kumwomba mwanawe kitu kikubwa. Hicho kimoja alimwomba, azikwe pale, na baba alimwahidi.

Siku ya safari ya kwanza mwaka ule, lori lilisimama kabla ya kufika. Palikuwa na uzio wa waya ambao haukuwapo mwaka uliotangulia, na kibao, na mlinzi mwenye filimbi shingoni. Mlinzi tulimfahamu. Alikuwa mtu wa kijiji kile kile, amekula wali wetu Shaabani nyingi. Alisogea amejikunja kwa haya.

"Bwana Hamisi, usinikasirikie. Mimi nimeajiriwa tu," alisema. "Pamekuwa pa serikali sasa. Kufagia, ruhusa. Kusoma dua, ruhusa. Kuzika ndiyo hapana."

Bibi alikuwa amekaa mbele, kando ya dereva. Akatoa kichwa dirishani. "Kwani kuna mtu amekufa?"

"Bado, mama."

"Basi kelele za nini? Fungua waya watu wapite, wali unapoa."

Watu wakacheka, mlinzi akafungua. Lakini mimi niliyekuwa nikimshika mkono nilipomteremsha, nilihisi vidole vyake vimekuwa baridi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye jiwe refu. Lilikuwapo. Akasimama juu yake muda mrefu, na siku ile hakula.

Baba alikwenda mjini kwenye ofisi iliyohusika, akarudi, akaenda tena. Hatimaye alikutana na afisa mmoja, kijana msomi, mtu wa adabu aliyeanza kwa shikamoo kabla ya jambo lolote. Baba alitusimulia jioni ile maneno ya afisa yule, akiyarudia kama anavyoyarudia mtu asiyetaka hata moja limponyoke. Afisa alisema kwamba amri ni amri, ila kama itaonekana wazi kuwa mahali pale bado pana wenyewe, kwamba kuna ukoo unaopatumia na kupatunza tangu zamani, yeye mwenyewe angeweza kuwaandikia wakubwa wake ili mama mmoja mzee aruhusiwe kulala kando ya mumewe. Angekuja kuangalia kwa macho yake kabla ya mwezi kwisha.

"Anataka kuona dalili kwamba pana wenyewe," alisema baba. Neno hilo akalishika.

Katikati ya siku hizo za kungoja, jamaa zetu wa Bagamoyo walitualika kwenda nao Kaole, kwenye magofu ya huko, ambayo ni makubwa kuliko yetu. Bibi aling'ang'ania kwenda ingawa alikuwa akipumua kwa shida. Tulikwenda asubuhi na kurudi jioni. Nakumbuka makaburi mengi yenye minara, meusi kwa ukungu na mvua za miaka isiyohesabika, na wageni wawili waliovaa kofia wakipiga picha. Bibi alitembea kati ya makaburi yale akiwa ameniegemea, akawa anatikisa kichwa. Kwetu kaburi likiachwa likawa jeusi, mpita njia husema wenyewe wamekwisha.

"Maskini hawa," alisema. "Hata mtu wa kuwapaka hawana."

Baba alikuwa nyuma yetu. Sikugeuka kumtazama, lakini nimeufikiria uso wake wa wakati ule mara nyingi kuliko nilivyoufikiria uso wa mtu yeyote. Yaliyofuata, naamini, aliyaamua pale.

Kesho yake pipa lilitokota uani kwa namna ambayo hatujapata kuiona. Alizima chokaa ya makaburi kumi ya kawaida. Akaichuja kwa kitambaa cha shuka, akaiacha ilale, akaichuja tena, mpaka ikawa laini kama maziwa ya mgando. Akakopa ngazi. Siku baada ya siku aliacha kazi zake za mjini akaenda Magofuni, akatuchukua mimi na Bibi, maana Bibi alikataa kubaki. Mlinzi alituruhusu, kwa sababu kusafisha kulikuwa ruhusa, na huko kulikuwa kusafisha. Bibi alikaa kwenye kivuli cha turubai, mimi nikateka maji kisimani. Baba alipanda kwenye kaburi la mnara akaanza kulirudishia ujana wake. Aliziba nyufa zote. Alijaza yale matundu ya duara, akayalainisha kwa kiganja. Maua na mafundo ya kuchongwa, yaliyokuwa yamemeng'enywa na upepo wa chumvi, aliyasawazisha kwa chokaa mpaka ukuta ukawa sawasawa kama ukuta wa nyumba mpya. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kuliko ile.

"Hapo juu umeacha doa," Bibi alimwita kutoka chini.

"Wapi, mama?"

"Kushoto. Unataka waseme mwanangu ni fundi wa kubahatisha?"

Baba alicheka, akapaka tena. Alipomaliza, kaburi la mnara lilionekana jeupe tangu kule barabarani, juu ya vichaka. Bibi alilitazama, akasema kwamba alipokuwa msichana liling'aa vivyo hivyo, na kwamba hakutegemea kuliona tena. Alilia kidogo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mtu mzima analia huku amefurahi, na nilidhani jambo letu limekwisha, tumeshinda.

Afisa alikuja siku ambayo sisi sote tulikuwapo. Baba alivaa kanzu. Shangazi Zuhura alileta vitumbua kwa ajili ya mgeni. Yule kijana alishuka kwenye gari akiwa ameshika kamera na karatasi zilizokunjwa, akatusalimu mmoja mmoja, akampigia Bibi goti. Halafu akainua macho. Karatasi zikamponyoka, na hakuinama kuziokota.

"Mzee wangu," alisema polepole, "nani aliyefanya hivi?"

"Mimi, bwana," baba alijibu, naye alikuwa amesimama wima kama askari. "Kwa mkono wangu mwenyewe. Sikuleta kibarua."

Afisa alikwenda hadi kwenye mnara, akapitisha vidole mahali palipokuwa na maua. Alivipitisha tena na tena, kama kipofu anayetafuta kitu alichokiacha pale. Alipogeuka, macho yake yalikuwa na machozi, na nathubutu kusema hayakuwa ya uongo.

"Umeliharibu, mzee."

"Nimeharibu nini? Tazama linavyong'aa."

"Hilo ndilo tatizo. Linang'aa. Hii kazi iliyochongwa ilikuwa haipatikani kwingine. Sasa imezikwa. Nikijaribu kuibandua, inatoka na jiwe lake."

"Lakini bwana, ulitaka dalili kwamba pana wenyewe."

"Ndiyo," alisema afisa. "Na wenyewe ndio niliotumwa kulilinda dhidi yao."

Hakuna aliyempa vitumbua. Alipiga picha zake, akaokota karatasi, akampa mlinzi maagizo kwa sauti ya chini, akaondoka. Baba alibaki amesimama na kanzu yake. Mimi sikuelewa. Nilijua tu kwamba kitu ambacho kwetu kilikuwa heshima kubwa kuliko zote, kwa mtu yule kilikuwa uharibifu, na kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli, na kwamba mmoja tu ndiye aliyekuwa na filimbi na waya.

Bibi alikuwa amesharudishwa ndani ya lori, hakuyasikia yote. Baba alipopanda akamwuliza, "Amekubali?"

"Amekwenda kuandika, mama."

"Aandike upesi," alisema Bibi. "Sina siku nyingi za kumngoja."

Alifariki kabla ya Shaabani kwisha, asubuhi, nikiwa nimeshika kata ile ile. Alikoshwa, akavishwa sanda, na wanaume wakatoka na jeneza, wakalipakia kwenye lori la mchanga kwenda Magofuni, kwani baba alisema hatamvunjia mama yake ahadi kwa sababu ya waya. Wanawake hatwendi maziko. Tulibaki uani tukisoma na kungoja. Tuliwatazamia alasiri, hivyo waliporejea jua likizama tukajua kuna jambo. Baba alikaa kwenye kizingiti. Nikaletewa ndoo nimmiminie maji aoshe miguu. Udongo wa Magofuni ni mchanga mweupe, unapukutika ukikauka. Miguuni mwa baba palikuwa na udongo mwekundu, ule wa Temeke, umeganda mpaka kwenye vifundo, na maji yaliyokuwa yakitiririka uani yalikuwa mekundu.

Shangazi Zuhura aliyatazama maji yale, akaacha tasbihi ikaanguka. "Kaka. Mama mmemweka wapi?"

Baba aliendelea kuosha miguu. Jirani mwenye lori ndiye aliyetueleza, amegeukia ukutani. Walikuta askari langoni. Waliomba, wakabishana, jua likapanda, na maiti hawekwi juani. Waligeuza wakarudi na jeneza mpaka makaburi ya mjini, wakachimba palipokuwa na nafasi, kati ya watu wasiowajua. Shangazi alipiga ukelele mmoja tu. Baba aliishi miaka mingi baada ya siku ile, akajenga nyumba za watu Temeke nzima, lakini hakuzima tena chokaa nyumbani kwetu, wala Shaabani haikutupeleka tena popote.

Mwaka jana mjukuu wangu Rehema, huyu anayeniandikia maneno haya, aliniambia shule yao inapeleka wanafunzi Magofuni, na kwamba wazazi na walezi wanaruhusiwa. Sikumwambia kwamba ninapafahamu. Tulikwenda kwa basi lenye vioo vyeusi. Siku hizi pana geti, vyoo, mabenchi ya saruji na kibanda cha soda. Vijana walipiga picha za kujionesha, migongo yao ikiwa imeegemea kibla. Mwongozaji, kijana mchangamfu, alituongoza mpaka kwenye kaburi la mnara. Mvua za miaka yote hii zimelichakaza, limerudi kuwa jeusi, ila hapa na pale pamebaki mabaka meupe yaliyogoma kutoka. Alinyoosha fimbo yake.

"Mnaona weupe huu? Huu ni uharibifu uliofanywa na watu wa zamani wasiojua thamani ya walichonacho. Wakazi wenyewe wa mji huu walitoweka, hatujui waliishia wapi."

Wanafunzi waliandika. Rehema naye aliandika. Nilijitenga nikatoka nje ya ukuta. Makaburi ya watu wetu, kwa kuwa si ya kale vya kutosha, hayana kibao wala njia ya kuyafikia. Nilipita kwenye majani hadi magotini. La babu nililitambua. Kando yake, kati yake na ukuta, jiwe refu bado limelala. Hakuzikwa mtu pale. Miaka yote hii serikali imelinda kwa waya na walinzi nafasi ya mtu mmoja, na nafasi ikabaki tupu, ilhali yule aliyeachiwa amelala kusikojulikana; makaburi ya mjini yalijaa zamani, watu wakazikwa juu ya watu, na mara ya mwisho nilipokwenda kumtafuta bibi yangu sikuweza hata kukisia nisimame wapi nimsomee Fatiha. Wafu wa karne nyingi wanafagiliwa kila siku na mtu mwenye mshahara. Wafu wetu hatuna wa kutuonesha walipo.

Ndani ya basi, tukirudi, nilimweleza Rehema yote. Nilipomaliza tulikuwa tumeikaribia Temeke. Kisha akauliza, kwa kuwa watoto wa siku hizi huuliza lolote, "Sasa Bibi, wewe tukuzike wapi? Tukawaombe wale kule?"

"Msiende kumwomba mtu," nilimwambia. "Mnizike siku ile ile, palipo na nafasi, hata kama ni Kiwalani nyuma ya nyumba za watu. Nisizungushwe barabarani ndani ya jeneza nikitafutiwa ruhusa."

"Sawa, Bibi," alisema. Akainamia simu yake, akaendelea kuwaonesha wenzake picha za magofu.